Pikigadi imetoka, matundu mawili yamebaki

Leo nimevua pikigadi, kile kibao kinacholinda rangi ya gitaa isikwaruzwe, kwenye gitaa langu la umeme la Les Paul, jekundu. Skrubu mbili tu: moja juu karibu na shingo, nyingine ubavuni, pale linapofungwa bano linaloishikilia.

Kilichokuwa chini yake kimenishika.

Rangi iliyojificha kule bado imeiva kabisa, wakati pembeni mwanga umeshaifubaza. Umbo la pikigadi limebaki kama kivuli. Hilo msasa hauliondoi, usijaribu.

Matundu ndiyo yana dawa. Chonga kijiti cha mbao ngumu, kipake gundi ya mbao, kisukume mpaka kibane, kikate chini kidogo ya uso wa rangi. Subiri saa 24.

Kisha dondosha supaglu tone kwa tone, kila tone likauke, mpaka pawe na kilima kidogo. Zungushia selotepu kulinda rangi ya jirani, sawazisha kwa msasa namba 1000, halafu 2000.

Msasa wa maji usiguse tundu lililo wazi! Mbao hunywa maji, huvimba, na rangi hupasuka ukingoni.

Nyie mngeziba au mngeacha wazi, pikigadi irudi siku moja?