Tulichora jengo la dharura kwa chokaa uwanjani

Nina miaka 19 kwenye uuguzi, 11 kati ya hiyo nikiwa mapokezi, katika hospitali ya wilaya mkoani Dodoma iliyo kando ya barabara kuu. Tulipoambiwa tunajengewa jengo la dharura, mganga mfawidhi aliniingiza kwenye kamati. Nikaletewa mchoro, nikausaini. Usiku usingizi haukuja. Mistari ya kwenye karatasi sijui kuisoma, ila najua mgonjwa anavyofika kwetu: amebanwa kati ya watu wawili juu ya bodaboda, au amelazwa kwenye pikapu kafunikwa kanga, na ndugu sita nyuma yake.

Asubuhi nikamfuata msanifu. "Injinia, mwanangu, nichoree jengo hili chini, kwa ukubwa wake wenyewe." Akakubali. Tulichukua uwanja wa mpira wa shule ya jirani, kamba, vigingi na mifuko miwili ya chokaa. Ilipofika saa nne jengo lote lilikuwa limelala kwenye vumbi. Tukaleta machela, vitanda viwili na mtungi wa oksijeni. Mwanafunzi wa mazoezi akajilaza awe mgonjwa.

Mlango ulikuwa wa mita moja. Mzee anayesukuma machela kwetu miaka yote akasimama mbele ya mstari. "Sista, mimi napita. Aliyeshika dripu atapita wapi? Na anayeminya kidonda?" Pale pale tukafuta chokaa, mlango ukawa wa mbao mbili, mita 1.8.

Kisha tukahesabu hatua. Chumba cha mahututi kilikuwa mwisho wa korido, baada ya dirisha la malipo na famasi: hatua 41. Mtu asiyepumua, ubongo wake huanza kuumia ndani ya dakika chache, nasi tulikuwa tunampitisha kwa mhasibu kwanza! Tukakihamishia mara tu baada ya mlango.

Lililoniumiza zaidi ni mabenchi. Niliwahi kwenda kujifunza Muhimbili, ambako idara ya kwanza kamili ya tiba za dharura katika hospitali ya umma nchini ilifunguliwa mwaka 2010, na huko nikashika jambo moja: rangi unayompa mgonjwa anapofika, nyekundu kwa mahututi, kijani kwa anayeweza kusubiri, si ya kudumu. Wa kijani anaweza kuwa mwekundu akiwa amekaa tu. Kwenye jengo letu la zamani mama mjamzito alikuja analalamika kichwa, akaambiwa asubiri kwenye benchi nyuma ya ukuta. Hakuna aliyerudi kumpima presha. Tulishtuliwa na kelele za majirani zake, kumbe ni kifafa cha mimba. Alipona, lakini mchoro mpya nao ulikuwa na ukuta ule ule. Nikasema mbele ya kamati, sauti inatetemeka, kwamba ukuta huo ukijengwa mimi sifanyi kazi humo. Ukaondolewa. Leo muuguzi wa triaji, yule anayepanga nani atibiwe kwanza, akiinua macho anaona mlango na mabenchi yote kwa pamoja.

Masinki na soketi za umeme hazikutuchukua muda. Mlango tuliuhamisha kutoka upande wa mashariki, maana upepo wa Dodoma unaotoka huko mwezi wa saba hadi wa kumi ungetuletea vumbi lote juu ya vidonda.

Chumba cha wafanyakazi kilikuwa kimekatwa ili kupunguza gharama. Nilikipigania, kwa sababu nimewaona wauguzi wakilia stoo ya mashuka saa tisa usiku baada ya mgonjwa mtoto kufariki, kisha wanajifuta uso na kurudi kwa mgonjwa mwingine. Tulipata kidogo, chenye dirisha na birika. Tukapata na cha kuongea na ndugu, wasipewe tena habari ya msiba wakiwa wamesimama kwenye korido.

Kitu kimoja chokaa haikutuonyesha: kimo. Mteremko wa kuingilia ulijengwa mkali, machela ikawa inahitaji watu watatu kuipandisha. Baada ya wiki tatu ukavunjwa na kujengwa upya, kila sentimita 10 za kwenda juu zikapewa sentimita 120 za urefu. Siku saruji ilipokauka, Mzee aliipandisha machela peke yake, akashuka, akaipandisha tena.