Nilivyokata herufi za bango kwa jigso, na Z niliyoikata mara tatu

Naandika hii nikiwa na hasira kidogo mnisamehe. Ukiuliza namna ya kukata herufi za bango la duka unapewa majibu mawili tu, la kwanza "peleka kwenye CNC" (mashine ya kukatia inayoongozwa na kompyuta), la pili "shika jigso", yaani ule msumeno mdogo wa umeme wa mkononi, "weka spidi ya mwisho, kata". La kwanza halina ubaya kama mashine ipo jirani na hela ipo. Hilo la pili limenila shiti ya akriliki (plastiki ngumu inayong'aa kama kioo), na aliyenipa huo ushauri nilikuja kujua baadae kwamba yeye kazi yake ni makabati ya mbao, akriliki hajawahi kuigusa.

Kazi ilikuwa ya dada yangu, bango la UREMBO NA ZAIDI. UREMBO nyekundu ya akriliki ya milimita 5, herufi za sentimita 40, na NA ZAIDI iwe ya dhahabu kwa zile shiti za aluminiamu zenye plastiki katikati, wengi tunaziita Alucobond hata kama zimetoka kiwanda kingine. Dada akaniambia "kaka we kata tu, si una jigso". Ndo tatizo la kuwa na jigso, kila mtu anakuona fundi.

Kwanza shiti yenyewe. Ile kubwa ya 1220 kwa 2440, ya milimita 5, inakimbilia kilo 18, sio nzito kivile ila ni jeuri, ukiinyanyua peke yako inapepesuka kama mkeka na kakona kakigusa sakafu vibaya kanamegeka. Nikaiweka juu ya meza mbili, katikati wazi ili bledi ipate pa kupita. Nikachagua bledi ya chuma yenye meno madogo madogo, akili yangu ikaniambia meno madogo = mkato laini. Nikafungulia spidi yote.

Nilianza na O, kwa majigambo tu maana ndo ngumu. Nikazunguka polepoleeee, mkono umetulia, mstari naufuata kabisa, dakika kama ishirini hivi. Harufu kali nikaisikia, nikaona na vinyuzi vyekundu vinajisokota nyuma ya bledi, nikasema ni vumbi. Nikamaliza mzunguko, nikazima, nikasubiri O idondoke. Haidondoki. Nikainama kuangalia chini ya meza, nikaona mstari umepita mpaka chini vizuri tu. Kumbe plastiki ilikuwa inayeyuka mbele na kuganda nyuma, kama mtumbwi unavyopita na maji yanajifunga nyuma yake. Nilikata dakika ishirini na sikukata kitu! Kuna sehemu unapitisha kucha huoni hata kama palikuwa na mkato. Nikaipiga ngumi kidogo tu ya kuistua, jamani, ufa ulitoka kwenye O ukatambaa mpaka ukingoni ukapitia katikati ya pale nilipopanga kuchora R na B. Dada alikuwepo. Hakusema kitu, alienda kuchemsha chai.

Sasa kilichotokea ni joto. Meno madogo hayabebi vipande nje, yanasugua tu, na kwa spidi ile msuguano unageuka pasi. Nikabadilisha bledi nikachukua ya plastiki yenye meno yaliyoachana kama milimita 2 na nusu, spidi nikashusha chini ya nusu, na kile kiswichi cha pembeni cha jigso chenye 0 mpaka 3 nikakirudisha 0. Wengi hawakijui kile, kinafanya bledi ipige na kwenda mbele badala ya juu chini peke yake, kwenye mbao safi sana, kwenye akriliki kinamega. Halafu chupa ya maji yenye sabuni ya vyombo, unanyunyizia kidogo kwenye mstari kila baada ya muda. Ukiona vinatoka vipande vidogo vikavu kama chumvi ya mawe uko sawa, ukiona vinatoka nyuzi simama, acha ipoe. (Kama jigso yako ni ya waya wa umeme basi maji yawe ya kupaka kwa kitambaa, usimwage kama unaosha gari.)

Na muulize muuzaji akriliki ni ipi, maana zipo mbili. Kuna iliyomiminwa katikati ya vioo na kuna iliyosukumwa na mashine, hii ya pili bei yake ni nafuu kidogo ila inalainika upesi kwenye bledi. Yangu ya kwanza nahisi ilikuwa hiyo.

Lakini jambo ninalojivunia mimi ni povu. Yale mapovu meupe mazito yanayokuja na friji na televisheni, nilikusanya nikayapanga sakafuni yenye kimo kimoja, shiti nikailaza juu yake, na mimi mwenyewe nikapanda juu ya shiti na magoti, soksi tu. Bledi inapita kwenye akriliki inazama kwenye povu bila shida, shiti yote imeshikwa chini hakuna kutetemeka, hakuna klampu, herufi ikikatika haidondoki inabaki palepale imelala. Unakata huku unatambaa kama mtoto. Nilimaliza UREMBO yote kwa mchana mmoja bila ufa hata mmoja. Ubaya wake ni vile vipunje vya povu, ukibandua tu karatasi ya juu ya akriliki vinarukia kama sumaku, nilivikuta mpaka kwenye nyusi. Futa na kitambaa chenye maji, kavu havitoki, vinahama tu.

Tumbo la O na R unatoboa kwanza kitundu kwenye sehemu itakayotupwa, bledi ipate pa kuingilia. Kwenye kona za ndani pia toboa kitundu cha duara kabla hujafika, kona kali ndo ufa unapenda kuzaliwa pale. Drili ya kawaida inang'ata inapokaribia kutokea upande wa pili, kwa hiyo mimi nilisugua ncha yake kidogo isiwe kali, na chini nikaweka kipande cha mbao.

Haya, tuje kwenye dhahabu, hapa mtacheka.

Nikaambiwa na mwingine, huyu wa mabango kweli, kwamba bledi ya jigso inakata ikipanda juu kwa hiyo inachana upande wa juu, weka uso mzuri chini. Ni kweli kabisa. Kwenye akriliki nilifanya hivyo na R ikatoka kinyume, nikaibinua tu ikawa sawa, maana nyekundu ni nyekundu pande zote. Hapo ndo nikajipa uhakika. Kwenye shiti ya dhahabu nikalaza uso chini, nikabandika makaratasi yangu ya herufi mgongoni yakisomeka vizuri, nikakata NA ZAIDI yote, safi, laini (ile ya aluminiamu haisumbui kama akriliki, bledi ya meno madogo hapa ndo mahala pake). Nikabinua. A sawa. I sawa. D ukiipindua juu chini inabaki D. N kinyume. Z kinyume. Na mgongoni ni kijivu, huwezi kubinua ukamdanganya mtu.

Nikakaa nazo chini nazungusha zungusha. Nikaigeuza Z ubavu, ikawa N! Nilishangilia sekunde tatu hivi. Ilikuwa N ya kinyume.

Kwa hiyo mtu akikwambia uso chini, mwambie amalizie sentensi: herufi zichorwe kinyume, kama unavyoziona kwenye kioo. Mimi sikumaliziwa.

Raundi ya pili nikatumia kipande kilichobaki, kilikuwa chembamba, N ikaingia wima, Z nikailaza ubavu ili itoshe. Kwenye nailoni ya juu kulikuwa na mishale imechapwa, nilidhani ni urembo wa kiwanda. Tukapandisha bango, tukabandua nailoni, jua la saa nne likapiga, herufi zote dhahabu, Z kahawia. Ukisogea kushoto inakuwa dhahabu na wenzake wanafifia kidogo. Rangi za metaliki zina mwelekeo, mishale yote lazima iangalie upande mmoja, ndo kazi yake ile. Dada akasema "mi naona imependeza kivyake", ila alikuwa ananionea huruma. Nikanunua nusu shiti kwa ajili ya Z moja. Hesabu ya faida nikaacha kupiga siku hiyo.

Mengine ya haraka: usifute akriliki iliyokatwa kwa thina wala spiriti, nilifuta mgongo wa U ikaota vinyufa kama nywele pembezoni, bahati ni nyuma. Sabuni na maji inatosha. Tundu za skrubu zifanye kubwa kuliko skrubu, akriliki ya mita moja joto likipanda digrii 30 inarefuka kama milimita 2, ukiibana sana itajipasua yenyewe mchana. Ukingo nilipiga msasa namba 180, 320, 600, kutoka mkali kwenda laini, nikaishia hapo. Na kuna mtu alinishauri ningetumia PVC, plastiki ya aina nyingine, nikakatiwa kwa leza, mwenye leza aliponisikia karibu anifukuze, PVC ikiungua inatoa gesi ya asidi, inaumiza mapafu na kuozesha mashine. Leza ni akriliki, PVC ni jigso au ruta, ile mashine ya mkono ya kuchongea.

Zile mbili za kinyume sikuzitupa, zipo ukutani ninapofanyia kazi, Z nimepigilia misumari naning'inizia tepu. N kila anayeingia anaiulizia. Juzi kuna mteja aliyesoma Urusi, akaitazama akaniambia mbona iko sahihi, kule kwa Warusi hiyo inasomwa "i".