Kiu ya hewa haipimi oksijeni

Jambo linalonirudia kila ninapofikiria kubana pumzi ni hili: ile kiu ya hewa inayomsonga mtu kifuani, kwa sehemu kubwa, haitokani na kuishiwa oksijeni. Ni hewa ya ukaa iliyojilimbikiza kwenye damu. Kwa kawaida shinikizo lake katika ateri ni kama milimita 40 za zebaki. Likipanda kidogo tu, shina la ubongo huanza kudai pumzi, kisha kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, hujikaza chenyewe, tena na tena, hata koo likiwa limefungwa. Tumbo huonekana likidunda. Inatesa, ila mara nyingi oksijeni bado ipo.

Mwili nao haukai bure. Uso ukiingia kwenye maji baridi, mapigo ya moyo hupungua, mishipa ya mikono na miguu hujibana, damu ikabakizwa kwa ajili ya moyo na ubongo. Bandama hujikamua na kuongeza chembe nyekundu kwenye mzunguko. Wabajau wa Indonesia, wazamiaji wa vizazi na vizazi, walipimwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018: bandama zao ni kubwa kwa takriban nusu kuliko za majirani zao Wasaluan.

Kinachonitia hofu ni ushauri wa kupumua harakaharaka kabla ya kuzama. Hemoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ya mtu mwenye afya tayari imejaa oksijeni kwa asilimia 95 au zaidi, hivyo anachoongeza ni kidogo mno. Anachofanya hasa ni kufukuza hewa ya ukaa, yaani kunyamazisha kengele yake. Huzimia bila onyo. Aliyekwenda kina kirefu huhatarika zaidi anapopanda: kutoka mita 10 hadi juu, shinikizo hupungua kwa nusu, na oksijeni iliyobaki mapafuni hushindwa kuingia kwenye damu. Wengine huzimia wakiwa wameshatoa kichwa nje.

Kwa hiyo mzamiaji apumue kawaida, na asizame bila mwenzake wa kumlinda. Akiibuka, asitoe pumzi yote: atoe kidogo, avute haraka, aishike kwa sekunde moja, arudie mara kadhaa. Mwenzake aendelee kumtazama usoni kwa sekunde 30 angalau. Mzamiaji akizimia, mwenzake amgeuze chali, amwinue kidevu ili mdomo na pua viwe nje ya maji, amvue miwani, ampulizie machoni na kumwita jina. Asipoanza kupumua, ampulizie pumzi mdomoni palepale, huku msaada ukiitwa na akivutwa kutoka majini.