Saumu ya Goba, msimu wa pili: safari hii nimeanzia kwenye friji

Mwaka jana nilipanda vitunguu saumu uani hapa Goba nikang'oa gololi. Majani yalipendeza kweli, majirani walisimama ukutani kusifia, lakini chini ya kila mche kulikuwa na kidonge kimoja cha duara ambacho hakikugawanyika hata punje mbili. Mke wangu alisema angalau kumenya ni rahisi.

Nililaumu mbolea, kumbe shida ilikuwa joto. Saumu inataka kupigwa baridi kwanza, wiki kadhaa chini ya nyuzi 10 hivi, ndipo ijigawe punje. Wakulima wa Mbulu na Lushoto wana ubaridi wa milimani. Sisi Dar, hata Julai, usiku unashuka hadi nyuzi 18 au 19 tu. Tena huku karibu na ikweta, mchana mrefu kuliko yote kwa mwaka na ule mfupi kuliko yote havipishani hata saa moja, wakati saumu hupenda mchana unaorefuka ndipo ijaze kichwa. Ila punje iliyopata baridi ya kutosha haidai sana huo mchana mrefu. Hapo ndipo nilipoona pa kupenyea.

22 Machi. Sokoni Tegeta. "Bosi, nikupe vya China au vya Mbulu?" Vya China ni vikubwa, vyeupe, vinatamanisha, ila vya kutoka nje mara nyingi huwa vimetibiwa visichipue. Nimechukua vya Mbulu, vidogo vyenye ngozi ya zambarau, nikachagua vichwa vyenye punje nene. Punje nene ndiyo inayozaa kichwa kinene; zile nyembamba za katikati nimezipeleka jikoni.

Vichwa vizima, bila kuvipasua, nimevitia kwenye mfuko wa kaki na kuviweka droo ya chini ya friji. Mfuko wa nailoni hapana, vinatoa jasho na kuota ukungu. Vichwa vitatu nimeviacha kabatini ili nije kulinganisha.

Aprili. Malalamiko ya nyumbani: juisi ya embe inanukia saumu. Nimenunua kopo lenye mfuniko, la juisi.

18 Mei. Wiki nane zimetimia na masika inaelekea ukingoni. Tuta ni mita 2 kwa 1, nimeliinua sentimita 25 kwa sababu saumu haivumilii kulowa. Udongo wetu ni kichanga, kwa hiyo nimechanganya ndoo nne za mboji na moja ya samadi ya kuku iliyooza miezi mitatu. Nafasi ni sentimita 15 kila upande, kina sentimita 4, ncha juu. Punje 58 za friji, 20 za kabatini. Juu nimetandaza maganda ya mpunga.

25 Mei. Za friji zimeshachungulia. Za kabatini kimya.

Mwisho wa Juni. Hapa nusura niharibu. Maji ya bomba yalikatika siku tisa nikamwagilia ya kisima, na kisima chetu kina chumvi. Ncha za majani zikaungua kama zimepitiwa na moto. Saumu na chumvi haziivi chungu kimoja, labda kwenye mchuzi. Nimehamia maji ya mvua niliyokinga kwenye simtanki, lita kumi kila baada ya siku mbili, na majani mapya yanatoka mazima.

Julai. Upepo wa kusi, hali ya hewa tamu. Nimeongeza mboji mara moja, basi. Ukiendelea kurutubisha wakati kichwa kinajaa, mche unakimbilia majani.

10 Agosti. Vithiripi, wadudu wadogo wa kufyonza majani. Majani yana michirizi ya rangi ya fedha. Nimepulizia maji ya majani ya mwarobaini yenye sabuni kidogo, jioni, kila baada ya siku tano. Wamepungua, hawajaisha.

Nimefukua udongo kidogo kwa kidole kwenye mche mmoja. Kuna mabonde, yaani kichwa kinajigawa punje! Nimemwita mke wangu aje aguse. Amegusa akarudi kwenye tamthilia yake.

5 Septemba. Majani ya chini yamenyauka, ya juu bado kijani. Nimesimamisha maji kabisa.

16 Septemba. Nimeng'oa kwa uma wa bustani, sikuvuta kwa shina. Kati ya 58 za friji nimepata 51. Nne zilioza mapema, tatu sijui zilikwenda wapi (nawashuku kuku wa jirani). Vichwa 43 vimejigawa sawasawa, nane vimebaki duara. Kikubwa kimefika gramu 41, vingi vinacheza kwenye 24. Za kabatini 18, zote gololi, hakuna hata moja iliyojigawa. Tuta lile lile, maji yale yale.

Kwa macho ya mtu wa Mbulu hivi bado ni vya kuchekesha. Nadhani chumvi ya Juni ilinila gramu kadhaa, na mwakani nitajaribu wiki kumi za friji badala ya nane.

4 Oktoba. Vimekauka kivulini wiki mbili na nusu, ngozi imekuwa karatasi. Vichwa vinane vikubwa nilivifunga kamba na kuvitundika jikoni, mbegu ya mwakani. Leo kumepikwa pilau. Vimebaki saba.