Kalenda ya siku za kukimbiza magari: nilipofikia

Oktoba

Kazi hii nimeachiwa mimi kwa kuwa ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Klabu yetu ina watu wa Mbeya, Mafinga na Iringa, wachache wa Tunduma, na jamaa wa Nakonde na Karonga wanaovuka mpaka kuja kukimbiza nasi. Tarehe zilikuwa zinatangazwa kwenye kundi la WhatsApp, halafu zinazama chini ya picha za rimu na ubishi wa Subaru na Altezza. Mtu wa Iringa ana zaidi ya kilomita 300 za kuja huku. Huyo anataka kujua Jumamosi ipo au haipo, basi.

Nimefungua kalenda ya Google kwa akaunti ya klabu, maana mtu akihama asiondoke nayo. Tunaoandika ni watatu. Wengine wanaona tu.

Novemba

Mwezi huu wote umeliwa na saa. Tukio likiwekwa 09:00, simu ya mtu wa Mbeya inaonyesha 09:00 naye anaisoma saa 3 asubuhi, hakuna shida. Zambia na Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo simu ya Nakonde inaonyesha 08:00, na iko sahihi kabisa. Kasheshe inaanza kichwa cha tukio kikisema "saa 3" na chini pameandikwa 08:00. Jamaa anaamini kipi? Tena Tunduma kuna wenye laini za Zambia, simu zao zinajirudisha nyuma zenyewe.

Sasa ukanda wa saa wa kila tukio nauchagua kwa mkono, Dar es Salaam, nisiiachie simu iamue. Kwenye maelezo naandika "ukaguzi unafunguliwa saa 2 asubuhi, saa za Tanzania". Maneno mengi kidogo, lakini yamenyamazisha maswali.

Januari

Mvua. Huku kwetu ni Novemba hadi Aprili, na uwanja wetu ni wa changarawe, kwa hiyo miezi hii ni ya mafundi na gereji. Nimetumia nafasi hiyo kuziba tarehe za mwaka. Wiki ya Nane Nane hatugusi: maonyesho ya wakulima yako viwanja vya John Mwakangale, hapa Mbeya, na kupita Uyole na gari juu ya trela siku hizo ni kujitafutia ugonjwa. Idd nimeiwekea siku mbili kila moja, kwa kuwa inangoja mwezi uandame, na siiwekei kujirudia kila mwaka kwa sababu kila mwaka inawahi kwa kama siku 11.

Katibu alitaka namba za simu za waandaaji ziwe kwenye maelezo. Nimekataa. Kiungo cha kalenda kinasambazwa na yeyote kwa yeyote. Ndani kuna ramani ya uwanja, kiingilio, na vya kuja navyo: kofia ngumu, ndoano ya kuvutia gari, betri iliyofungwa ikafungika. Namba zinabaki kwenye kundi.

Machi

Hapa ndipo ninapoona kalenda imeanza kuwa na maana. Kila kichwa cha tukio sasa kinaanza na neno moja: PENDEKEZO, IMETHIBITISHWA au IMEAHIRISHWA. Google ina namna yake ya kuonyesha hali, ila kwenye simu nyingi haionekani, kwa hiyo neno liwe mwanzoni kabisa.

Na hatufuti tukio. Ukilifuta linatoweka kimyakimya, na mtu wa Makambako aliyeliona juzi anawasha gari alfajiri. Tukiahirisha, tukio linakaa palepale na jina jipya.

Waliojiunga kwa kiungo kupitia programu nyingine wanapata mabadiliko baada ya saa nyingi, pengine kesho yake. Walioshirikishwa ndani ya Google wanayaona papo hapo. Dawa sijaipata. Kwa hiyo mvua ikiharibu uwanja Ijumaa jioni, bado tunatangaza kundini na kuwapigia wa mbali.

Mei

Siku ya kwanza ya msimu imethibitishwa. Muda wa kuanza tumeuchelewesha kwa sababu ya ukungu. Juni asubuhi huoni hata koni ya kona ya kwanza.

Wenzetu wa Iringa wanataka siku yao Septemba. Barua ya serikali ya kijiji kuhusu uwanja haijatoka, ingawa wananihakikishia kila wiki kwamba iko mezani. Nimewaandikia PENDEKEZO. Wamenuna, na neno halibadiliki mpaka barua niishike.