Sentimita 7.2 za maji ya uzazi: kidogo au ya kutosha?

Hiyo ni jumla ya vimo vya mifuko minne ya maji yanayomzunguka mtoto tumboni, ikipimwa kwa ultrasound, na jibu linategemea wiki ya ujauzito. Kwa jedwali la watafiti Moore na Cayle la mwaka 1990, lililotokana na mimba 791 za kawaida huko Marekani, mstari wa chini (asilimia 5 tu ya mimba hizo ziko chini yake) ni sm 7.7 katika wiki ya 36, na sm 7.1 katika wiki ya 40. Kwa hiyo 7.2 iko chini ya mstari wiki ya 36, ila wiki ya 40 inapita. Kipimo kimoja cha wiki zote, "sm 5 hadi 25 ni kawaida", hakioni tofauti hiyo.

Lakini jedwali la wajawazito wa nchi moja si sheria kwa wote, na kabla ya kulilaumu, angalia mkono wako. Gawa tumbo sehemu nne kwa kitovu cha mama na mstari wa katikati. Kichwa cha ultrasound kisimame wima kuelekea sakafu, si kuinamia mzunguko wa tumbo. Hapa ndipo wengi hukosea. Usikandamize, maji yatahama. Katika kila sehemu pima kimo cha mfuko wa maji usio na kiungo cha mtoto wala kamba ya kitovu, kisha jumlisha, kwa mfano: 2.8 + 3.1 + 1.4 + 2.2 = 9.5.

Mama aliyeshinda bila kunywa? Anywe maji lita 2, apimwe tena baada ya saa chache. Na maji yakionekana machache, mimi huamini zaidi kimo cha mfuko mmoja mkubwa kuliko wote, kisipungue sm 2: jumla ya mifuko minne huwapeleka wengi kuanzishiwa uchungu bila faida kwa mtoto.