Huyu Psycho-Pirate amenitisha kuliko wale wa misuli

Wasee, nimepata komiki za zamani za DC pale kwa vitabu vya inama karibu na Tom Mboya, nikasomea kwa mathree ya Githurai na jam ya Thika Road ikanipa muda wa kutosha. Sasa kuna huyu mhalifu Psycho-Pirate, jina Roger Hayden, alitokea 1965, hapai wala habebi gari, ako tu na barakoa ya dhahabu ya Medusa, uso wake ukionyesha hofu wewe unashikwa na hofu, ukionyesha hasira unaanza kupigana na mtu mlikuwa mnacheka naye saa hii hii. Hiyo ndio inanitisha kabisa, juu ngumi unaiona ikikuja lakini hasira ukipandwa nayo unajua ni yako. Kwa hadithi kubwa ya 1985, Crisis on Infinite Earths, Anti-Monitor, adui mwenye anafuta dunia nzima nzima, anamtumia kugeuza mashujaa wapigane na wale wamekuja kuwasaidia, aki nilikasirika. Alafu mwisho amefungiwa Arkham, hospitali ya wahalifu wenye wazimu, anaonekana kichaa, na ni yeye anakumbuka dunia zote zilizofutika! Nilimhurumia, na ni mbaya sana huyo mtu. Mwenye ako na zingine zake aniuzie, nachukua zote.